Kumbe tembo wa Afrika ni wawili!

Samahani kwa ukimya, nilikuwa fildi, nakula vumbi la chaki. Sasa nimerudi chuo, bumu bado halijatoka, basi leo tushibe historia.

Kisa chenyewe ni hiki. Nafundisha kidato cha pili, mada ya kuainisha viumbe. Nikaandika ubaoni jina la tembo wa Afrika, Loxodonta africana, kama nilivyolikuta kwenye desa la zamani. Dogo mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, babu yangu katokea Kongo. Anasema tembo wa msituni kule ni wadogo, wana masikio ya duara na pembe zilizonyooka kuelekea chini. Ni hao hao?" Nikajibu kwa kujiamini: "Ni hao hao, mazingira tu." Darasa zima likaandika.

Niliporudi nikaingia maktaba kujiridhisha. Jamani! Babu yuko sahihi, na ubishi wenyewe una zaidi ya miaka 120.

Mwaka 1900, Mjerumani Paul Matschie wa makumbusho ya Berlin aliandika kwamba tembo wa misitu ya Kameruni ni spishi ya peke yake. Akamwita cyclotis, kwa sababu ya yale masikio ya duara. Wenzake hawakukubali. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 tembo huyo alihesabiwa kuwa spishi ndogo tu, tawi la tembo wa savana.

Msiwalaumu haraka. Macho yanadanganya. Mwaka 1906 mtaalamu mwingine, Noack, alitangaza spishi ya tembo mbilikimo kutoka Kongo, kwa kumtazama tembo mmoja mdogo. Baadaye vinasaba vikaonyesha kwamba hao "mbilikimo" ni tembo wa msituni wa kawaida. Kwa hiyo umbo lilificha spishi iliyopo, halafu likazua isiyokuwepo. Kazi kweli kweli.

Mwaka 2000 waliopima mafuvu walisema tofauti ni kubwa mno. Mwaka uliofuata ukaja ushahidi wa vinasaba. Nicholas Georgiadis, aliyekuwa Mpala pale Laikipia, Kenya, alikusanya vipande vya ngozi kwa mishale maalumu: inamgonga tembo, inachukua kipande kidogo, inaanguka, mnyama anaendelea na safari zake. Yeye na Alfred Roca na wenzao walisoma jeni 4 kutoka kwa tembo 195. Tembo wa msituni wakajitenga wazi na wa savana. Mwaka 2010 watafiti wengine wakaonyesha kwamba hao wawili walitengana mamilioni ya miaka iliyopita, karibu sawa na tembo wa Asia na mamothi, yule tembo mwenye manyoya wa nchi za barafu.

Ila hata vinasaba vina mtego. Mwaka 2005 ilitoka kazi kuhusu mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Baadhi ya tembo wa savana walikutwa na mitokondria ya msituni! Kwa nini? Majike hubaki katika kundi la mama zao, madume ndio wanaohama. Zamani madume ya savana yalizaa na majike ya msituni, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwili ukawa wa savana kabisa huku mitokondria ya bibi wa kale ikibaki. Ungesoma mitokondria tu, ungesema spishi ni moja. Ndiyo maana inabidi kuweka mezani fuvu, masikio na jeni za pande zote mbili, baba na mama.

Sasa mtaniuliza, jina linamsaidia nini tembo? Linamsaidia sana. Shirika la uhifadhi la IUCN lilisita kwa miaka mingi, hoja mojawapo ikiwa machotara: tukigawa spishi, wao watalindwa kwa jina gani? Hoja ya kweli, maana machotara wapo, kwa mfano Kibale kule Uganda. Lakini wakati wa kusita, tembo wote walihesabiwa kwenye kapu moja, katika ngazi ya chini kabisa kati ya zile tatu za hatari. Machi 2021 walipotenganishwa, wa savana aliwekwa ngazi ya kati, wa msituni ngazi ya juu kabisa. Tembo wa msituni walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 86 ndani ya miaka 31.

Na kujaza pengo hilo si mchezo. Andrea Turkalo, aliyewatazama tembo wa Dzanga, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa miaka mingi, na wenzake walionyesha kwamba jike wa msituni huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka kama 23, kisha kila baada ya miaka 5 au 6. Wa savana huanza akiwa na miaka kama 12, na huzaa kila baada ya miaka 3 au 4. Ukipanga ulinzi wa wa msituni kwa hesabu za wa savana, unajidanganya.

Ndiyo maana lile jibu langu la "ni hao hao" linanikera mpaka leo. Jana nimemwandikia mwalimu mwenyeji niliyemwachia darasa, nikamwomba awaambie vijana wafute mstari ule na waandike majina mawili: Loxodonta africana na Loxodonta cyclotis. Na yule dogo amfikishie babu salamu zangu.

Nawasilisha. Tuko pamoja.