Posho, Karanga na Vitamini B3

Mgodi wa dhahabu wa Geita ulipokuwa ukichimbwa, tangu miaka ya 1930 hadi 1966, zama ambazo posho ya unga wa mahindi ilikuwa ndiyo riziki ya vibarua wengi wa Afrika ya Mashariki, matabibu walikwisha tambua kwamba nafaka hiyo, ikiliwa peke yake, huleta pelagra, maradhi ya kuharibika ngozi, kuhara na kuvurugika akili.

Tabibu Joseph Goldberger alidhihirisha huko Marekani, mwaka 1915, ya kuwa asili ya pelagra ni upungufu wa chakula, wala si ambukizo. Na mwaka 1937 mwanakemia Conrad Elvehjem akaibainisha katika ini dawa yake, niasini, yaani vitamini B3, ambayo kwayo mwili huzalisha nguvu kutokana na chakula. Mahindi yanayo, lakini imefungamana humo hata tumbo lisiifaidi.

Wasukuma wa Shinyanga na Geita, wakulima wa karanga na wafugaji wa ng'ombe, walikuwa na kinga kabla ya ilimu hiyo: karanga zina niasini tele, na maziwa yana triptofani, ambayo mwili huigeuza kuwa niasini. Kwa hiyo kibarua aliyeacha karanga na maziwa ya kwao akategemea posho tupu alipata ujira, akapungukiwa afya.