Kidole Kwanza, Maelezo Baadaye

Nauza simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, na nimeona jinsi jiji hili lilivyozoeshwa kukubali.

Zamani laini ilinunuliwa kama kiberiti: unatoa hela, unapewa, unaondoka. Mwaka 2009 usajili ukaanza, na sheria ya mawasiliano ya 2010 ikaufanya wa lazima. Wakala alijaza fomu kwa kalamu: jina, makazi, namba ya kitambulisho. Fomu ile ilikuwa na jambo moja ninalolikumbuka kwa heshima. Mteja aliona kinachoandikwa, kisha akatia saini mwenyewe.

Tarehe 1 Mei 2019 zikaja alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Mwisho wa kusajili ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, halafu laini zikaanza kuzimwa. Nia ilikuwa kuzuia utapeli, nami naiunga mkono hadi leo. Lakini mtu mwenye hofu ya kuzimiwa laini haulizi maswali, na mawakala wasio waaminifu walilijua hilo. "Haijasoma, weka tena." Kumbe kidole cha kwanza kimeshasoma, na cha pili kinasajili laini nyingine, itakayouzwa kwa mtu ambaye mwenye kidole hatamjua kamwe. Mama mmoja muuza samaki wa Feri, pale Kivukoni, aliniletea simu yake nikambonyezea *106#, inayoonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Zikatokea namba ambazo hajawahi kuzishika.

"Mwanangu, hizi za nani?"

Kwa kumbukumbu za usajili, zilikuwa zake.

Simujanja zikaukuta mkono umeshazoea. Programu za mikopo ziliomba majina na namba zilizohifadhiwa kwenye simu, meseji na picha. Ukikataa, hakuna mkopo. Ukichelewa kulipa, meseji za kukudhalilisha zinamfikia mkwe wako, bosi wako, hata imamu wa msikiti wenu. Wenye programu husema mkopaji aliridhia. Mimi siiti hiyo ridhaa. Na huyo mkwe, ambaye namba yake ilichukuliwa pamoja na nyingine zote, yeye aliulizwa na nani? Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 zilizokopesha bila leseni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Ni sheria nzuri. Hata hivyo, simu nyingi ninazouza zinatoka kwenye boksi matangazo yanayomfuata mteja yakiwa yamewashwa tayari. Kuyazima kunataka upite kurasa kadhaa za mipangilio, na wengi hawajui hata kama zipo. Kiwanda kilipaswa kuyaacha yamezimwa, mwenye simu akiyataka ayawashe.

Basi ndugu mnunuzi, usiondoke dukani kabla muuzaji hajakufungulia sehemu ya ruhusa na kukuonyesha programu zinazosoma majina uliyohifadhi kwenye simu. Na leo hii, kabla hujalala, bonyeza *106#.