Vita vya Panzi, Furaha ya Kunguru: Historia ya Prosesa ya Daraja la Kati na Mnunuzi wa Musaga

Utangulizi

Katika maduka ya kompyuta ya Bujumbura, neno linalouza kuliko mengine ni "i5". Kijana wa Musaga aliyeweka akiba ili apate mashine ya kuhariri video za harusi na za gusaba, na jioni acheze gemu, huambiwa kwamba kompyuta hii ni i5 na ile nayo ni i5, basi achukue yenye bei nafuu. Mashine nyingi anazoonyeshwa zimekwisha kutumika ofisini huko ng'ambo. Kwa nje zinafanana, na kibandiko ni kilekile. Ndani, moja inaweza kuwa na uwezo mara mbili au tatu ya nyingine.

Insha hii inajaribu kueleza tofauti hiyo ilitoka wapi. Hoja yake ni kwamba jina la prosesa ni jina la biashara tu. Kilichoamua mnunuzi wa kawaida apate nini kwa fedha yake ni ushindani kati ya kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD, na mpaka mkubwa katika historia hiyo ni mwaka 2017. Kwa "daraja la kati" tunakusudia prosesa ambayo ikiwa mpya huuzwa takriban dola 150 hadi 300.

Kampuni mbili na mbio za gigahazi

Intel ilianzishwa mwaka 1968 na AMD mwaka 1969, zote mbili katika jimbo la California. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, ilichagua prosesa ya Intel 8088, lakini haikutaka kutegemea mtengenezaji mmoja. Ndiyo sababu mwaka 1982 AMD ilipata ruhusa ya kutengeneza prosesa za muundo wa Intel. Baadaye kampuni hizo ziligombana mahakamani kwa miaka mingi, ila muundo ulibaki mmoja, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya moja huendeshwa na nyingine. Bila hilo mnunuzi asingekuwa na uchaguzi wowote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ubora ulipimwa kwa gigahazi. Intel ilitoa Pentium 4 mwaka 2000 na kuendelea kuipandisha mwendo, mpaka Oktoba 2004 ilipoacha mpango wa kufikia gigahazi 4, kwa kuwa joto na matumizi ya umeme vilikuwa vimezidi. Wakati huohuo Athlon 64 ya AMD, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na gigahazi chache zaidi, iliishinda katika gemu nyingi. Funzo la kwanza ni hilo: gigahazi za miundo miwili tofauti hazilinganishwi, kwa sababu muundo mmoja hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo la saa. Tangu hapo kampuni ziligeukia njia nyingine, yaani kuweka viini viwili, kisha vinne, ndani ya chipu moja.

Miaka ya ukame, 2009 hadi 2016

Jina Core i5 lilizaliwa Septemba 2009 kwa prosesa ya i5-750 yenye viini vinne. Januari 2017, zaidi ya miaka saba baadaye, Intel ilitoa i5-7600K kwa dola 242. Nayo ilikuwa na viini vinne. Hatusemi kwamba hakukuwa na maendeleo: kila kiini kiliongezeka kasi, na mwaka 2011 Intel iliingiza kifaa cha Quick Sync kinachoharakisha utoaji wa video. Hata hivyo, idadi ya viini vya daraja la kati haikusogea. Kwenye kompyuta za mkononi hali ilikuwa ngumu zaidi, kwani i5 za kawaida zenye herufi U, kama i5-5200U na i5-6300U, zilikuwa na viini viwili tu.

Kwa nini? Sababu kubwa ni kwamba mshindani alikuwa amelala chini. Prosesa za AMD FX zilitoka Oktoba 2011 zikijitangaza kuwa na viini vinane, lakini kila viini viwili viligawana sehemu ya kupiga hesabu za desimali, na katika gemu zilishindwa waziwazi. Wapo wanaoongeza sababu ya pili. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliitoza Intel faini ya euro bilioni 1.06 kwa kuwapa watengenezaji wa kompyuta punguzo lililolenga kumzuia AMD, na mwaka huohuo Intel ilikubali kuilipa AMD dola bilioni 1.25 ili kumaliza kesi zao. Ni haki kusema pia kwamba mwaka 2022 mahakama ya Ulaya ilibatilisha faini hiyo, na mwaka 2023 Tume ikatoza nyingine ndogo zaidi, ya takriban euro milioni 376. Vyovyote tutakavyohukumu, mnunuzi wa miaka ile alipewa kile ambacho muuzaji hakulazimishwa kukizidisha.

Mwaka 2017

Machi 2017 AMD, chini ya uongozi wa Lisa Su, ilitoa prosesa za Ryzen. Mwezi uliofuata ikaja Ryzen 5 1600: viini sita na nyuzi kumi na mbili kwa dola 219. Agosti Intel ilitoa i5-8250U ya kompyuta za mkononi, yenye viini vinne badala ya viwili. Oktoba ikaleta i5-8400 yenye viini sita kwa dola 182. Kilichokuwa kimesimama kwa miaka saba kilisogea ndani ya mwaka mmoja. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na hapa kunguru ni sisi wanunuzi.

Historia hii inamsaidiaje mnunuzi

Kwanza, asome tarakimu zinazofuata kistari. i5-6500 ni kizazi cha sita, i5-8400 cha nane, i5-12400 cha kumi na mbili. Kwa kuhariri video, ambako kazi hugawanywa kwa viini vingi, kizazi cha nane kwenda juu ndicho mwanzo mzuri. Mpaka huohuo una maana nyingine: Windows 11, isipokuwa kwa prosesa chache, hukubali Intel kuanzia kizazi cha nane na Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Bila shaka hii ni sababu mojawapo ya ofisi za ng'ambo kuziachia mashine za zamani, na ni lazima ziuzwe mahali fulani.

Pili, aangalie herufi ya mwisho. i5-12400F haina sehemu ya picha ndani yake, wala Ryzen 5 5600 haina. Bila kadi ya picha, skrini haitaonyesha kitu. i5-12400 na Ryzen 5 5600G zinayo. Asiye na fedha ya kadi asikimbilie F kwa sababu ni rahisi.

Tatu, apime kazi yake. Gemu nyingi hutegemea kwanza kadi ya picha, kisha kasi ya kila kiini; kuhariri kunataka viini na RAM, hasa GB 16. Mwenye kufanya yote mawili kwa fedha kidogo aanze na prosesa na RAM zinazomwingizia kipato, kadi ije baadaye.

Nne, asisahau umeme. Prosesa ya mezani kama i5-8400 imepangiwa wati 65, ya mkononi kama i5-8250U wati 15, na hii ina betri. Ya mezani huhariri haraka zaidi, lakini umeme ukikatika katikati ya kutoa video na hakuna UPS, kazi huanza upya. Kwa mkazi wa Bujumbura hilo ni sehemu ya bei.

Hitimisho

Tumeona kwamba i5 ya mwaka 2009 na ya mwanzo wa 2017 zililingana kwa viini, na kwamba miezi michache ya ushindani ilibadilisha kile ambacho miaka saba haikukibadilisha. Kibandiko hakikubadilika. Kwa hiyo mwanafunzi anayekwenda dukani na akiba ya mwaka mzima asiulize tu "Ni i5?" Aombe mashine iwashwe, afungue ukurasa wa taarifa za mfumo, asome tarakimu zote na herufi ya mwisho, ndipo azungumze bei.