Nani aliandika kwenye laini ya shangazi?

Najua gazeti tando hili limekaa kimya karibu wiki tatu. Kazi za watu zimenibana. Leo nimerudi na swali ambalo limenikaa kichwani tangu nikiwa darasa la tatu.

Mwaka 2007 M-Pesa ilipoanza hapa Kenya, shangazi yangu alikwenda kujiandikisha akaambiwa laini yake ni ya zamani, itabidi apewe nyingine. Akarudi na laini mpya, namba ileile, na menyu ya pesa ndani yake. Ile ya zamani akanipa nichezee. Mwaka uliofuata akaniita kwa ile sauti ambayo kila mtoto anaijua. Safari hii ni simu yake ya pili, yenye laini ya kampuni nyingine ambayo sitaitaja. "Wewe, umeifanya nini simu yangu?" Kwenye menyu ya laini kulikuwa na mstari mmoja ambao jana yake haukuwapo. Niliapa sikuigusa. Hakuniamini, na chapati za jioni ile nilizisikia harufu tu.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, na kazi hii ina faida moja: unaruhusiwa kuwauliza watu maswali ya kitoto. Kwa nini laini moja ilibidi itupwe ili ipate menyu, na nyingine ikaota mstari mpya usiku watu wamelala? Jibu lake lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Anza na kadi yenyewe. Wafaransa watakutajia Roland Moreno, aliyesajili hataza yake mwaka 1974. Wajerumani watakutajia Jürgen Dethloff na Helmut Gröttrup, waliotangulia mwishoni mwa miaka ya 60. Waache wagombane. Kadi za kupigia simu za umma zilizoenea Ufaransa kuanzia 1983 zilikuwa na kumbukumbu tu, hazikuwa na akili: zilihesabu muda wa maongezi na kuufuta. Akili ililetwa na Michel Ugon wa kampuni ya Bull, aliyeweka kichakataji ndani ya kadi, na kufikia mwisho wa 1992 kadi zote za benki za Ufaransa zilikuwa na chipu. Mwaka 1991 kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich iliuza kadi 300 za simu za mkononi kwa Radiolinja ya Finland. Hizo ndizo bibi wa laini zote tunazobeba.

Lakini kompyuta hiyo ndogo ilikuwa imezibwa mdomo. Programu yake ilichongwa ndani ya chipu kiwandani. Ukitaka kuongeza jambo, unarudi kiwandani, unasubiri miezi, kisha unawagawia wateja kadi mpya. Na kila aina ya chipu ilikuwa na lugha yake.

Mambo yalibadilika mwaka 1996, Austin, Texas. Wahandisi wa Schlumberger walifanikiwa kuiminya lugha ya Java mpaka ikaenea kwenye chipu ya kadi, wakishirikiana na Sun Microsystems. Java Card ikazaliwa. Kuanzia hapo mtu aliweza kuandika programu moja ikakubaliwa na kadi za viwanda mbalimbali, na iliweza kuingizwa hata kama kadi iko tayari mfukoni mwa mteja. Programu mbili ndani ya kadi moja zilitengwa na ukuta, ya benki isichungulie ya basi.

Hapo ndipo fitina ilipoanza, kwa sababu ukishaweka mlango lazima useme nani anashika ufunguo.

Kundi la kwanza lilitokana na Mondex, pesa ya kadi iliyobuniwa katika benki ya NatWest ya Uingereza na kujaribiwa mjini Swindon mwaka 1995. Mwaka 1997 wakatoa MULTOS. Kwao, hakuna programu inayoingia wala kutoka bila cheti, na vyeti vinatolewa na mamlaka moja ya kati baada ya mwenye kadi kukubali. Mwenye kadi, kumbuka, si wewe. Ni aliyeitoa. Ni salama mno, ila kila safari lazima upitie ofisi ile ile.

Kundi la pili lilikuwa Visa, na mfumo wao, Open Platform, ukakabidhiwa kwa shirika la GlobalPlatform lililoanzishwa mwaka 1999. Huu ndio ulioenea zaidi, na njia rahisi ya kuuelewa ni kufikiria nyumba ya Kiswahili, ile yenye korido katikati na vyumba huku na huku. Mwenye nyumba ni mtoaji wa kadi: benki au kampuni ya simu. Yeye ana ufunguo wa mlango mkubwa. Kila mpangaji anapewa chumba na ufunguo wake mwenyewe, na mwenye nyumba hana haja ya kuujua. Mpangaji akitaka kuingiza kitanda kipya, mwenye nyumba anaweza kumpa kibali kilichotiwa sahihi kwa kitanda hicho tu, na kadi inampa stakabadhi kwamba kimeingia. Mambo yakiharibika, mwenye nyumba anafunga nyumba nzima, au anaiua kadi kabisa isifufuke tena.

Kwa laini za simu, mizigo hiyo huletwa kwa meseji. Kampuni inatuma ujumbe mfupi ambao simu haikuonyeshi; inaupitisha moja kwa moja kwa kadi. Kadi inakagua sahihi kwa ufunguo wa siri ambao iko nao yenyewe na kampuni, inaangalia namba ya mfululizo isije ikawa meseji ya jana inarudishwa na mjanja, kisha inatekeleza. Meseji moja hubeba baiti 140, kwa hiyo programu ya kilobaiti 8 inahitaji meseji 59 au zaidi, zote kimyakimya. Mstari mmoja wa menyu ni kazi ya meseji chache tu.

Kwa hiyo shangazi, ukisoma hapa: si mimi. Laini ya kwanza haikuandaliwa kupokea mzigo ule. Ya pili ilipokea mgeni usiku, na mgeni alikuwa na ufunguo.

Kilichonisumbua ni aina ya ufunguo. Wengi walitumia DES, kiwango cha Marekani cha mwaka 1977, chenye ufunguo wa biti 56. Mwaka 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation lilijenga mashine iliyouvunja kwa saa 56. Dunia nzima ikaona. Hata hivyo laini zenye DES ziliendelea kugawiwa kwa miaka mingi.

Mwaka 2013 mtafiti Karsten Nohl wa Berlin akaeleza alichofanya. Alizitumia kadi meseji ya amri yenye sahihi ya uongo. Kadi nzuri inakaa kimya. Baadhi zilijibu, "sahihi yako si sahihi", na jibu hilo zikalitia sahihi kwa ufunguo wao wa kweli! Kutoka kwenye jibu hilo, kompyuta ya kawaida iliupata ufunguo kwa dakika mbili hivi. Katika kadi karibu 1,000 alizojaribu, takribani robo zilikuwa na udhaifu huo. Mwenye ufunguo huo anaingiza programu yake, nayo inatuma meseji au kusema simu iko wapi. Kali zaidi ni kwamba baadhi ya makampuni, kwa maelezo yake, yalipita kwenye tundu hilo hilo kwenda kuliziba ndani ya kadi za wateja. Fundi kaingia kwa njia ya mwizi.

Mwaka uliofuata ugomvi wa funguo ukafika kwetu. Benki ya Equity ilikuwa inaanza huduma yake ya simu, na wateja wake wengi walikuwa na laini za Safaricom. Ndani ya kadi hiyo mwenye nyumba ni Safaricom. Equity ikaleta utando mwembamba wa kampuni ya Taisys ya Taiwan, unene wa milimita 0.1, unaobandikwa juu ya laini uliyo nayo. Hakuna kuomba chumba. Unajenga ghorofa juu ya paa la mtu. Safaricom ikalalamika kwamba anayekaa kati ya simu na kadi anaweza kusoma kila kinachopita, namba za siri za M-Pesa zikiwemo. Hoja hiyo ya kiusalama haikuwa ya kupuuzwa, ingawa ilitoka kwa aliyekuwa na soko la kulinda. Mamlaka ya Mawasiliano iliruhusu majaribio ya mwaka mmoja. Katika mabishano yote yale niliyoyasoma gazetini, sikuona aliyependekeza ufunguo mmoja abaki nao mteja.

Nilimpigia shangazi juzi kumweleza haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama basi mtu anaweza pia kufuta kitu humo bila yeye kujua. Nikamwambia ndiyo, amri ya kufuta ipo, inapita njia ile ile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema chapati zipo, nije Jumapili.