Kwa nini mchoraji wa plani anaandikia mashini amri, na kwa nini mkato ulimdanganya Papa wa Kadutu

Bukavu. Papa mmoja wa Kadutu amechora plani za nyumba kwa mkono tangu wakati wa Zaïre: meza, rula, kalamu ya wino na karatasi ya kalke. Lakini siku hizi wateja wanamwambia: "Papa, tunataka plani ya ordinatere." Siku alipoketi mara ya kwanza mbele ya programu ya AutoCAD, aliandika LIGNE, akaonyesha mahali ukuta unapoanzia, kisha akaandika urefu wa mita kama sisi wote tulivyofundishwa shuleni: 3,50. Mstari ukapanda mpaka ukatoka kwenye skrini. Akarudia mara tatu, ikawa vilevile. Akazima mashini na kurudi kwenye meza yake, akiona kwamba mkate wake unamponyoka.

Wapenzi wasomaji, Papa huyu hakuwa mjinga. Kosa lake lina historia.

Mwanzoni kuchora kwa ordinatere hakukuhitaji kuandika maneno. Mwaka wa 1963, mwanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha programu yake iliyoitwa Sketchpad. Alichora kwa kalamu maalumu iliyogusa kioo cha skrini, huku mkono mwingine ukibonyeza vitufe vya kutoa amri: chora mstari, fanya mistari hii miwili iwe sambamba, futa. Ni kazi ya ajabu hata leo. Lakini mashini yenyewe, TX-2, ilikuwa kubwa sana na ya maabara. Mchoraji wa kawaida asingeweza hata kuiota.

Mabadiliko yalikuja mwaka wa 1982. Huko California, John Walker na wenzake walianzisha kampuni ya Autodesk, na kabla mwaka haujaisha wakatoa AutoCAD, iliyojengwa juu ya programu ya Mike Riddle. Shabaha yao ilikuwa ordinatere ndogo za mezani, zile ambazo ofisi ndogo ingeweza kununua. Ordinatere hizo zilikuwa na nguvu kidogo, na nyingi hazikuwa na kipanya, yaani suri. Kitu ambacho kila moja ilikuwa nacho ni klaviye. Basi mchoraji akaandika.

Kazi ikawa kama mazungumzo. Chini ya skrini mashini inangoja amri. Unaandika jina la amri, inakuuliza: kuanzia wapi? Unajibu. Inauliza tena: mpaka wapi? Unajibu kwa nambari mbili, ya kwanza ya kwenda upande, ya pili ya kwenda juu, na katikati yake unaweka mkato. Ukitanguliza alama ya @, unaiambia ihesabu kutoka pale ulipofika, si kutoka mwanzo wa karatasi. Mwaka wa 1986 watumiaji walipewa pia AutoLISP, lugha ya kujitengenezea amri zao wenyewe.

Hapo ndipo Papa alipojikwaa. Kwa Wamarekani, mita tatu na nusu ni 3.50, kwa nukta. Mkato kwao ulikuwa huru, wakaupa kazi ya kutenganisha nambari mbili. Programu ilipotafsiriwa kwa Kifaransa, maneno yaligeuzwa: LINE ikawa LIGNE, CIRCLE ikawa CERCLE. Lakini mkato haukutafsiriwa. Papa aliandika mita tatu na nusu. Mashini ikasoma 3 kwenda upande na 50 kwenda juu. Ilimtii kabisa, ila kwa hesabu za California.

Kwa wenye kuhangaika na lugha, kuna mlango mwingine. Katika programu ya Kifaransa, ukianza na mstari mdogo wa chini, _LINE, mashini inaelewa amri ya Kiingereza. Ndiyo maana kijana aliyejifunza Kampala anaweza kufanya kazi kwenye mashini ya Bukavu bila kuanza upya.

Wengi walidhani kuandika kungekwisha. AutoCAD 2009 ilileta utepe mpana wa picha za kubonyeza juu ya skrini. Lakini mahali pa kuandika amri pamebaki hadi leo. Picha huhamishwa kutoka toleo moja hadi lingine. L ya kuchora mstari imebaki L. Mchoraji mzoefu anaweka mkono wa kushoto kwenye klaviye na wa kulia kwenye suri, na macho hayatoki kwenye plani.

Papa wetu aliokolewa na binti yake anayesoma ujenzi. Alikaa kando yake, akaandika @3.50,0 na ukuta ukalala pale pale ulipotakiwa. "Papa, hapa nukta ndiyo mkato wako," alimwambia. Sasa mzee anachora kwa mashini, polepole, lakini vipimo vyote anavihesabu kwanza kwa kalamu. Kwenye miteremko ya Kadutu, ambapo nyumba moja inakaa juu ya kichwa cha nyingine, anasema hataki fundi achimbe msingi kwa kufuata nambari ambayo mashini ilielewa vibaya.

Vijana mnaojifunza kazi hii: kabla ya kubonyeza Entrée, someni tena mlichoandika.