Shule ya Lugha Katikati ya Ugomvi wa Mataifa: British Council Nchini Urusi, 1994–2018

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi kituo cha kufundisha lugha, kinachogharimiwa na serikali ya kigeni, kinavyoweza kubaki wazi wakati serikali mbili zinapogombana. Mfano utakaotumiwa ni wa British Council nchini Urusi, hasa katika mji wa St Petersburg, mnamo Januari 2008. Mara nyingi kisa hiki huelezwa kana kwamba kilikuwa shauri la mabalozi na mawaziri peke yao. Itaonyeshwa hapa kwamba kilichoamua mambo hakikuwa hoja ya sheria wala ukakamavu wa mabalozi, bali hali ya wafanyakazi wenyeji, ambao hawakuwa na kinga yoyote.

Msingi wa Kisheria

Shirika la British Council liliundwa mwaka 1934, na likapewa hati ya kifalme mwaka 1940. Sehemu ya fedha zake hutoka katika hazina ya serikali ya Uingereza, na sehemu nyingine hutokana na ada za masomo na mitihani ya Kiingereza. Kwa hiyo shirika hili lina sura mbili: ni chombo cha serikali cha kueneza utamaduni, na papo hapo hutoza ada kwa mafunzo yake. Uwili huo si kasoro katika nyakati za amani. Huwa hatari pale urafiki unapovunjika.

Mwezi wa Februari 1994, Uingereza na Urusi zilitia sahihi mapatano ya ushirikiano katika elimu, sayansi na utamaduni. Kwa maoni ya Uingereza, mapatano hayo, pamoja na Mkataba wa Vienna wa 1963 unaozihesabu shughuli za utamaduni kuwa miongoni mwa kazi za ubalozi mdogo, yalitosha kuwa msingi wa ofisi zilizokuwa nje ya Moscow. Urusi nayo ilishikilia kwamba vituo vya utamaduni vilihitaji mapatano yao maalumu, ambayo yalikuwa bado hayajakamilika, na kwamba ubalozi mdogo haupaswi kufanya biashara. Aidha, tangu mwaka 2004 wakuu wa Urusi walikuwa wamekwisha kuhoji kodi ya masomo yaliyolipiwa ada.

Chanzo cha Ugomvi

Hoja hizo za sheria zingaliweza kukaa mezani miaka mingi. Kilichozifufua ni jambo lisilohusiana na lugha hata kidogo. Mwezi wa Novemba 2006, Alexander Litvinenko, aliyekuwa ofisa wa usalama wa Urusi, alifariki mjini London kwa sumu ya poloni. Uingereza ilitaka Andrei Lugovoi aletwe kushtakiwa. Urusi ikakataa, kwa kuwa katiba yake hairuhusu raia kukabidhiwa kwa nchi nyingine. Mwezi wa Julai 2007 kila upande ukawafukuza wanadiplomasia wanne wa mwenzake, na mazungumzo juu ya vituo vya utamaduni yakasimamishwa. Mnamo Desemba 2007, Urusi iliamuru ofisi za St Petersburg na Yekaterinburg zifungwe ifikapo tarehe 1 Januari 2008. Waziri Sergei Lavrov hakuficha kwamba hatua hiyo ilikuwa jibu kwa matendo ya Uingereza.

Siku Nne za Januari

Baada ya mapumziko ya mwaka mpya, tarehe 14 Januari, ofisi hizo zilifunguliwa kinyume cha amri. Balozi Tony Brenton akaitwa wizarani mjini Moscow. Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa kwa makini. Idara ya usalama, yaani FSB, iliwaita wafanyakazi Warusi wa shirika kwa mahojiano, na wengine wakatembelewa majumbani usiku. Idara hiyo ilieleza kwamba nia yake ilikuwa kuwakinga raia wasitumiwe katika uchokozi wa wageni. Stephen Kinnock, mkurugenzi wa ofisi ya St Petersburg, naye alisimamishwa na polisi akiwa garini, lakini kinga ya kidiplomasia ilimwezesha kurudi nyumbani upesi. Mrusi aliyefanya kazi chini yake hakuwa na kinga hiyo, wala nchi nyingine ya kukimbilia.

Tarehe 17 Januari shirika lilisimamisha kazi katika miji yote miwili, likieleza kwamba haliwezi kuwaweka watumishi wake katika hali hiyo. Wahenga walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Lakini katika kisa hiki nyasi hazikuumia kwa bahati mbaya, ndizo zilizolengwa. Mnamo Oktoba 2008 mahakama ya Moscow ilitupilia mbali sehemu kubwa ya madai ya kodi, ila ushindi huo haukuzifungua ofisi.

Njia iyo hiyo ilionekana mjini Tehran, ambako British Council lilikuwa limerejea mwaka 2001. Mnamo Desemba 2008 wafanyakazi Wairani waliitwa na kushauriwa wajiuzulu. Miezi miwili baadaye kazi ilisimama.

Hitimisho

Ofisi ya Moscow iliendelea kwa miaka kumi zaidi. Baada ya Sergei Skripal na binti yake kudhuriwa kwa sumu mjini Salisbury, tarehe 4 Machi 2018, Uingereza iliwafukuza wanadiplomasia 23. Urusi ilijibu vivyo hivyo, na ikalifunga British Council kwa sababu ile ile ya zamani: hali yake kisheria haikuwa imekamilishwa. Mnamo Juni 2025 ikalitangaza kuwa shirika lisilotakikana.

Kisa hiki hakiko mbali na wapenzi wa lugha wa Afrika Mashariki. Nairobi ina Goethe-Institut, Alliance Française, na tangu mwaka 2005 Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Na iwapo Kiswahili nacho kitafundishwa ng'ambo katika vituo vya serikali za huku, swali la kwanza lisiwe la vitabu wala la majengo. Iulizwe kwanza: mwalimu mwenyeji atakayeajiriwa humo atalindwa na nani siku serikali hizo mbili zitakapokosana? Mapatano yasiyojibu swali hilo hayajakamilika.