Dereva mlevi ni nani? Sheria moja, majibu mawili

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa hatuendi mbali sana. Kuna swali ambalo kila anayekunywa Westlands kisha akashika usukani kurudi nyumbani kwa Waiyaki Way anapaswa kujiuliza: kisheria, dereva mlevi ni nani?

Nimeifuatilia historia yake kama ninavyofuatilia hitilafu kwenye programu. Nimekuta Kenya ilijiandikia majibu mawili yasiyofanana.

Jibu la kwanza limo katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Kifungu cha 44 kinamhusu mtu anayeendesha gari, anayejaribu kuliendesha, au aliye na gari mikononi mwake barabarani, hali amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu sawasawa. Maneno hayo hayakutungwa Nairobi. Yametoka katika sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930, karibu neno kwa neno. Wakoloni walinakili na kubandika, kama tufanyavyo sisi wanaprogramu saa nane za usiku.

Angalia: hakuna namba hapo. Kinachotakiwa ni ushahidi wa hali ya mtu. Aliendeshaje? Aliweza kusimama? Daktari alisema nini? Ubishi hauishi. Waingereza wenyewe walichoka, wakayabadilisha maneno hayo mwaka 1962, na mwaka 1967 wakaongeza kosa jipya lenye namba: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Mashine ya kupima pumzi ilikuwa imeshapatikana. Robert Borkenstein wa Indiana, Marekani, aliibuni mwaka 1954, mwaka uleule sheria yetu ilipoanza kazi. Sisi tulibaki na toleo la zamani.

Jibu la pili lilikuja mwaka 2011, katika kanuni za kipima pumzi zilizotungwa chini ya sheria hiyohiyo. Mipaka ilikuwa mitatu: miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, miligramu 107 kwa mililita 100 za mkojo, na mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi. Kwa nini 35? Zidisha kwa 2,300, makadirio ya pombe iliyo kwenye damu ikilinganishwa na iliyo kwenye pumzi. Unapata mikrogramu 80,500, yaani miligramu 80 na nusu. Ni hesabu nzuri, lakini hiyo 2,300 ni wastani tu. Watu hawalingani.

Desemba 2013 NTSA na polisi waliingia barabarani na mashine tuliyoizoea kwa jina la Alcoblow. Ukipuliza ukavuka 35, unalala seli na asubuhi uko mbele ya hakimu. Madereva wakaanza kuonyana Twitter vizuizi viko wapi.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaigusa hitilafu yenyewe. Kanuni haziwezi kuunda kosa linalopingana na sheria mama. Dereva anapaswa kushtakiwa kwa kifungu cha 44, na kifungu hicho kinadai kuthibitishwa kwamba alishindwa kulimudu gari. Namba peke yake haitoshi. Kwa lugha yetu, faili la mipangilio lilijaribu kubadilisha kazi ya programu kuu, na programu kuu ikakataa.

Wengi walishangilia kana kwamba sasa ni ruksa kunywa na kuendesha. Hawakusoma vizuri. Kifungu cha 44 hakimwokoi mtu aliye chini ya 35. Chupa mbili zikikulegeza hata ukashindwa kulimudu gari, una hatia, mashine iseme itakavyo.

Mimi nasimama upande wa namba. Namba haijali kama unaendesha Probox au Prado, wala haimwachii askari aamue kwa macho, saa saba za usiku, nani amelewa na nani ana kitu mfukoni. Lakini namba inayoweza kumfunga mtu mahali pake ni ndani ya sheria yenyewe, ipitishwe na Bunge mchana kweupe. Anayegongwa akivuka Waiyaki Way hana nafasi ya kukata rufani.